Daftari la Wiki: Shangazi Wawili wa Harlem

Januari 1999, Bill Clinton akiwa Ikulu ya Washington na dunia ikiwa na wasiwasi kwamba kompyuta zitakwama mwaka 2000 ukiingia, alifariki mwanamke ambaye baba yake mzazi alizaliwa mtumwa. Jina lake Sarah Louise Delany, nyumbani wakimwita Sadie, na alikuwa na miaka 109. Baba yake, Henry Beard Delany, alizaliwa Georgia mwaka 1858, akapata uhuru akiwa na miaka saba, akasoma, na mwaka 1918 akawa askofu msaidizi wa Kanisa la Episkopali huko North Carolina. Watoto wake walikuwa kumi, na wote walifika chuo.

Wiki hii nimerudia kitabu cha Sadie na mdogo wake Bessie, Having Our Say, kilichotoka mwaka 1993 wakati wote wawili wameshavuka miaka mia. Hawakuolewa, waliishi pamoja karibu maisha yao yote, na kila asubuhi walimeza punje ya kitunguu saumu iliyokatwakatwa na kushushia kijiko cha mafuta ya samaki. Wanaotafuta siri ya maisha marefu wataishia hapo. Mimi nilibaki kwenye mambo mengine.

*

Wakiwa wadogo, akina Delany walizoea kupanda tramu kwenda bustani ya Pullen mjini Raleigh, na huko walikunywa maji ya chemchemi kwa kata. Siku moja wakaambiwa wakae nyuma ya tramu. Walipofika kwenye chemchemi wakakuta ubao umesimikwa katikati: upande huu weupe, upande ule weusi. Maji yalikuwa yaleyale, yanatoka shimo lilelile. Bessie alivizia watu wasitazame, akachota upande wa weupe, akanywa.

Vitabu vya sheria vitakutajia kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson ya mwaka 1896, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilibariki kuwatenga watu ilimradi huduma ziwe sawa. Ni lazima tuijue. Lakini watoto hawakusoma hukumu. Sheria waliikuta kwenye kata ya maji. Historia ya ukoo inakuonyesha sheria ilipomgusa mtu, na huo ni ushahidi ambao jaji hauandiki.

*

Sadie alihamia New York mwaka 1916, na Bessie akafuata. Walikuwa miongoni mwa mamilioni ya Wamarekani weusi waliohama Kusini kati ya wakati huo na mwaka 1970. Wanahistoria hukadiria watu wapatao milioni sita. Bessie alisomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923, akawa mwanamke mweusi wa pili kupata leseni ya kazi hiyo katika jimbo la New York. Alifungua chumba cha tiba Harlem pamoja na kaka yake, naye daktari wa meno.

Bei zake ndizo zilizonishika: kusafisha meno dola mbili, kung'oa dola mbili, kuziba kwa fedha dola tano. Alianza na bei hizo, akapita nazo kwenye mdororo wa miaka ya 1930 na kwenye vita kuu, na alipostaafu mwaka 1950 zilikuwa hazijapanda hata senti. Angeweza kujiita mtetezi wa wanyonge na tungempigia makofi. Orodha ya bei inatosha, wala haihitaji kupambwa.

*

Sadie alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa na akili nyingi. Alitaka kufundisha sayansi kimu katika sekondari za New York, kazi ambayo hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa. Alijua akienda kwenye usaili watamwona rangi, na nafasi itapotea kimyakimya. Basi siku ya usaili hakutokea, akatuma barua ya kisingizio kwamba tarehe zilimchanganya. Muhula ulipofunguliwa akaingia kazini kama mwalimu mwingine yeyote. Wakuu walishtuka, lakini jina lake lilikuwa limeshapangwa kwenye ratiba na kumwondoa kungekuwa kazi. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 1960.

Wajukuu wengi wangempenda zaidi bibi aliyegonga meza na kudai haki. Huyu alikosa usaili makusudi, na mlango ukafunguka.

*

Marekani ina utaratibu mzuri wa sensa: majina ya watu hufichwa miaka 72, kisha kila mtu anaruhusiwa kuyasoma. Majina ya sensa ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022, na watu wakakimbilia kuwatafuta bibi na babu zao.

Tatizo lipo nyuma. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, bila majina yao wenyewe. Walioachwa huru walianza kuandikwa kwa majina mwaka 1870. Halafu karatasi nyingi za sensa ya 1890 ziliharibiwa na moto mjini Washington mwezi Januari 1921, na sehemu kubwa ya zilizosalia ikaja kuteketezwa kwa amri ya serikali. Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 kuna shimo. Sadie alizaliwa Septemba 1889, ndani ya shimo hilo hasa. Mahali ambapo karatasi ya serikali iliungua, kumbukumbu ya bibi kizee ndiyo iliyobaki kuwa jalada.

*

Lakini kumbukumbu nayo ina visa vyake. Mtoto wa kaka yao, Samuel R. Delany, aliyezaliwa mwaka 1942, ni mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba kwa miaka mingi alisema baba yake alifariki mwaka 1958, yeye akiwa na miaka 17. Watafiti wakamkumbusha hesabu: aliyezaliwa Aprili 1942 hakuwa na miaka 17 mwaka 1958. Baba alifariki mwaka 1960. Ikiwa mwana wa marehemu, tena mwandishi, anaweza kukosea mwaka wa msiba wa nyumbani kwao, sisi wengine tusiape.

*

Nani anauliza? Kati ya 1936 na 1938, mradi wa waandishi wa serikali ya Marekani ulikusanya simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliowahi kuwa watumwa. Ni hazina, ila isomwe kwa tahadhari. Waulizaji wengi walikuwa wazungu wa Kusini, wazee wenyewe walikuwa na njaa ya mdororo wa uchumi, na wengine walidhani mgeni amekuja kuwaandikia pensheni. Anayetarajia pensheni hamsemi vibaya bwana wa zamani.

Amy Hill Hearth, aliyewahoji akina Delany, naye ni mzungu. Nyumbani kwa dada hao, mjini Mount Vernon katika jimbo la New York, hakukuwa na simu, ikabidi aende kubisha hodi. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Hakuishia hapo, alirudi tena na tena hadi mazungumzo yakatosha kitabu. Nadhani kilichomsaidia ni kurudi huko.

*

Neno kwa wasomaji. Kama nyumbani kuna shangazi au babu aliyeiona karne iliyopita, usimwambie, "Tusimulie maisha yako." Atakupa hotuba ya dakika tano na kuomba chai. Muulize bei: mkate ulikuwa kiasi gani, nauli ya basi kiasi gani, mshahara wake wa kwanza aliupeleka wapi, mlango gani alizuiwa kuingia na nani aliyemzuia. Mrekodi kwa simu, andika tarehe na jina la msimulizi, kisha linganisha na cheti cha ubatizo, hati ya ndoa au kitabu cha kodi. Ukimaliza, rudi tena wiki ijayo na umuulize upya. Akina Delany walifikisha miaka mia na ndipo mwandishi asiye wa ukoo akaja kuwaandika. Wako huenda hana muda huo.