Vijisenti havimzuii msanii, ila visimuue

Mwaka 2025 filamu iitwayo F1, ambayo nyota wake ni Brad Pitt, ilionyeshwa katika kumbi nyingi duniani. Iliripotiwa kuwa iligharimu zaidi ya dola milioni 200. Hapana ubishi kwamba inavutia. Hata hivyo, yafaa tujiulize: mbona wapenzi wa sinema wangali wakizitafuta filamu kuukuu za magari zilizotengenezwa kwa vijisenti?

Tuchukue mfano wa Roger Corman, Mmarekani aliyefariki Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 98. Mwaka 1954 alitoa The Fast and the Furious kwa dola 50,000 hivi. Ni kisa cha dereva wa lori aliyesingiziwa mauaji, akatoroka jela na kujificha miongoni mwa washiriki wa mbio za magari za kuelekea Meksiko. Kwa kuwa fedha za kuajiri madereva zilikuwa haba, Corman mwenyewe alishika usukani katika baadhi ya picha. Jina la filamu hiyo ndilo lililotumiwa na studio ya Universal mwaka 2001 kuanzishia msururu ulioingiza mabilioni.

Mwenzake, H. B. Halicki, alikwenda mbali zaidi. Katika Gone in 60 Seconds ya mwaka 1974, yeye ndiye aliyekuwa mtunzi, mwongozaji, mwigizaji mkuu na dereva. Kufukuzana peke yake kunachukua dakika 40 hivi, na magari 93 yaliharibiwa. Wakati mmoja gari lake liligonga nguzo ya taa kwa bahati mbaya, naye akaumia. Picha hiyo haikutupwa. Imo ndani ya filamu hadi leo.

Je, siri ya mvuto huu ni nini? Sisi wanaisimu twajua kwamba mgeni mwenye maneno machache ya lugha ya wenyeji hayatumii ovyo. Kila neno hubebeshwa mzigo wake kamili. Ndivyo ilivyo kwa filamu hizi. Gari likibondeka, limebondeka kweli, na huenda hakuna jingine. Mtazamaji huihisi kweli hiyo hata asipoelezwa, na kwa sababu hiyo huwasamehe waigizaji wanaobabaika na mazungumzo yasiyo na ladha. Akipenda, chongo huita kengeza.

Lakini tusiusifu umaskini kupita kiasi. Mwaka 1989 Halicki alifariki katika ajali alipokuwa akitengeneza filamu ya kuendeleza ile ya kwanza. Ile nguzo ya mwaka 1974 tunayoishangilia ingaliweza kumuua mapema zaidi. Kubana matumizi ya fedha ni werevu. Kubana usalama wa binadamu ni kucheza na mauti.

Hili latuhusu walimu na wanafunzi, kwa kuwa filamu sasa ni sehemu ya tamasha zetu za drama za shule na vyuo. Shule isiyo na kamera ya bei ghali isione haya. Na iwe na kisa kimoja kilichofikiriwa vyema na kila picha iwe na kazi yake. Ila mwalimu asimruhusu mwanafunzi kuhatarisha uhai ili picha ipendeze. Makofi ya watazamaji hayamfufui mtu.