Moto umezimwa, lakini jiwe bado lina joto

Ilikuwa saa mbili unusu usiku, katikati ya baridi ya Julai, katika nyumba moja ya Limuru. Baba alibonyeza kidude na moto wa gesi kwenye jiko la ukutani ukazimika papo hapo. Hapakubaki kaa wala moshi. Akaondoa wavu wa chuma uliokuwa mbele ya jiko, akausimamisha pembeni, akaenda kufunga lango.

Hazikupita dakika kumi mtoto akapiga yowe. Ana mwaka mmoja na nusu, ndio kwanza anajifunza kutembea bila kushika viti. Alikuwa amesogea hadi kwenye mawe mapya yaliyozunguka jiko, akayumba, akaweka kiganja kwenye ukingo wa jiwe ulio chini ya kioo ili asianguke.

Mama alimbeba mbio hadi kwenye mfereji wa jikoni. Baba alirudi ameshika dawa ya meno, akazuiwa na mama yake mzazi, nyanya wa mtoto.

"Wacha hiyo, mwanangu. Maji kwanza."

Kiganja kilikuwa chekundu, na kufikia asubuhi kilikuwa na lengelenge dogo. Kwenye zahanati muuguzi alikisafisha, akakifunga, akawaambia wazazi jambo ambalo hawajalisahau: kama mtoto angegusa kioo badala ya jiwe, wangekuwa wanazungumza habari za upasuaji.

Wazazi hawa si wazembe. Walikuwa wameacha kuni kwa sababu ya moshi uliomkohoza mtoto. Walinunua jiko la gesi la kuingizwa kwenye tundu la jiko la zamani, na mama akachagua mawe laini ya Kisii, yale ambayo mafundi wa Tabaka huyachonga sahani na vinyago. Sebule ilipendeza. Walichokosa ni swali moja tu, ambalo nyanya aliliuliza fundi alipokuwa akipanga mawe, na hakuna aliyelijibu: "Na mtoto akiyumba, atashika wapi?"

Moto wa gesi hauachi dalili

Aliyelelewa kando ya mafiga anajua moto wa kuni unavyojitangaza. Hata ukifa, makaa yanabaki mekundu, majivu yanatoa moshi na harufu. Mtu mzima anaona na mtoto anakatazwa. Moto wa gesi ukizimwa, kila dalili hutoweka mara moja na macho husema hatari imekwisha.

Joto halijaondoka. Kioo cha mbele cha jiko la gesi kinaweza kupita nyuzijoto 200 likiwa linawaka, na baada ya kuzimwa kinaweza kubaki cha kuunguza kwa zaidi ya nusu saa. Nchini Marekani, baada ya watoto wengi kuungua viganja, kanuni zilibadilishwa ili majiko ya aina hii yanayotengenezwa kuanzia 2015 yauzwe yakiwa na kinga mbele ya kioo. Anayenunua jiko la zamani au lililotumika huenda akalipata bila kinga hiyo.

Mawe nayo yana tabia yake. Jiwe zito hupata joto polepole na kulitoa polepole. Mawe laini ya Kisii ni hodari zaidi kwa hilo. Jamii hiyo ya mawe hutumika katika nchi za baridi kujengea majiko kwa sababu hutunza joto saa nyingi. Sifa inayoifanya sebule iwe na joto hadi usiku ndiyo inayomngoja mtoto anayepita hapo baada ya moto kuzimwa.

Kwa nini viganja? Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili akipoteza usawa hunyoosha mikono mbele. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na hana wepesi wa kuuondoa mkono. Jeraha kubwa la kiganja huweza kupona kwa kovu linalovuta vidole, na mkono unapokua kovu halikui nao. Ndiyo maana baadhi ya watoto hurudi hospitalini zaidi ya mara moja.

Kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza

Mazungumzo na fundi aghalabu huanza na rangi ya mawe na bei. Ni heri yaanze na kijitabu kilichokuja na jiko. Humo mtengenezaji ameandika umbali unaotakiwa kati ya jiko na kitu chochote kinachoweza kushika moto, iwe rafu ya mbao, pazia au runinga. Vipimo hutofautiana kutoka jiko moja hadi jingine, kwa hiyo cha jirani hakifai. Kijitabu kikikosekana, muuzaji aombwe kingine kabla ya kazi kuanza.

Jambo la pili ni kilicho nyuma ya mawe. Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa jiwe haliwaki, basi limemaliza hatari. Jiwe haliwaki, lakini hupitisha joto. Kama nyuma yake kuna mbao au plaiwudi, joto litazifikia siku baada ya siku hadi zikauke na siku moja zishike moto mahali pasipoonekana. Nyumba ya kuta za mawe haina shida kubwa hapo. Nyumba ambayo ukuta wa jiko umejengwa kwa fremu ya mbao inahitaji mbao hizo zisogezwe mbali kama kijitabu kinavyosema, na mawe yashikizwe kwenye ubao wa saruji au ukuta wa mawe.

La tatu ni uzito. Rafu ya jiwe yenye urefu wa sentimita 150, upana wa 20 na unene wa 8 ina uzito wa takriban kilo 65. Huo ni uzito unaozidi mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, na unakaa juu ya kichwa cha mtoto. Gundi ya vigae peke yake haitoshi. Rafu kama hiyo inapaswa kukalia nguzo mbili za mawe zinazofika sakafuni, au vyuma vilivyozamishwa ndani ya ukuta imara. Mzazi anaweza kumwuliza fundi swali rahisi: "Gundi ikiachia leo, rafu hii itashikwa na nini?" Fundi anayeijua kazi yake atakuwa na jibu.

La nne ni njia ya gesi na hewa. Mpira wa gesi haufichwi nyuma ya mawe, kwa kuwa hauwezi kukaguliwa wala kubadilishwa ukichakaa. Panapopita ukutani huhitajika bomba la chuma au shaba, likiwekwa na fundi mwenye leseni ya kazi ya gesi. Koki ya kufunga gesi ibaki mahali mtu mzima anapoifikia kwa mkono mmoja. Matundu ya hewa ya jiko yasizibwe kwa urembo. Dohani nayo ikaguliwe kabla, kwani ndege hupenda kujenga viota humo.

Mtungi ukae nje, umesimama wima, mahali penye hewa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni, mahali mtoto anapochezea. Baada ya kazi, viungio vyote vipakwe maji ya sabuni. Mapovu yakifuka, kuna uvujaji. Kiberiti hakitumiki kupima gesi hata siku moja.

Siku za kazi

Kukata mawe hutoa vumbi jembamba linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Mawe kama ya Mazeras, yanayopendwa kwa kuta na njia za kupitia, yana mchanga mgumu ambao vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu usiotibika. Kazi ya kukata ifanyiwe nje, jiwe likiwa limeloweshwa, fundi akiwa amevaa kinga ya pua na mdomo, na watoto wakiwa mbali. Sebule isipigwe ufagio mkavu baadaye, bali ipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Mawe ya kuokota mtoni huvutia kwa sababu ni ya bure, lakini baadhi yana maji ndani na yakipata joto kali huweza kupasuka. Hayafai karibu na moto.

Kazi ikiisha, subira inahitajika. Saruji na gundi zipewe siku za kukauka kama ilivyoandikwa kwenye mifuko yake, kisha moto wa kwanza uwe mdogo na wa muda mfupi, madirisha yakiwa wazi. Kukimbilia moto mkubwa siku ya kwanza huleta nyufa.

Kona za mawe ziviringishwe. Kama jukwaa la mbele ya jiko limeinuka kutoka sakafuni, ncha zake ziko sawa na paji la uso la mtoto anayejifunza kutembea. Mwashi huweza kuzisaga kwa dakika chache akiwa bado na mashine mkononi. Akishaondoka, kazi hiyo huwa ghali.

Sheria za nyumbani

Wavu wa kinga ufungwe ukutani kwa skrubu, usiwe wa kuegeshwa. Wavu unaoondoshwa moto ukizimwa humwacha mtoto wazi katika dakika zilezile ambazo kioo na mawe bado vinaunguza. Familia ya Limuru ililijifunza hilo kwa kiganja cha mtoto.

Rafu ya juu isiwekwe vitu anavyovipenda mtoto. Rimoti, biskuti au kidoli kikikaa pale, anayekitaka atapanda. Kidude cha kuwashia moto kikae mbali na mikono yake, na nguo zenye maji zisianikwe kwenye mawe.

Kila chumba chenye moto wa gesi kinahitaji hewa. Gesi ikiungua vibaya au dohani ikiziba, hutoka kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, jiko lizimwe, wote watoke na watafute daktari. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Yeye huonekana tu analala kupita kiasi au analegea. Kengele ya kugundua hewa hiyo inapaswa kununuliwa pamoja na jiko.

Na mtoto akiungua, jeraha liwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Muda huo ni mrefu kwa mzazi anayesikia kilio, lakini ndio unaozuia joto lisizidi kupenya ngozini. Maji yawe ya mfereji, si barafu. Bangili na nguo zinazobana ziondolewe kabla ya uvimbe, isipokuwa nguo iliyogandia ngozi. Dawa ya meno, mafuta, siagi na unga havisaidii. Hushikilia joto na kumpa muuguzi kazi ya kuvisafisha kwenye ngozi iliyo mbichi. Lengelenge lisipasuliwe. Mtoto mdogo aliyeungua kiganja apelekwe hospitali hata kama amenyamaza.

Mkeka wa nyanya

Katika nyumba ile ya Limuru, fundi aliitwa tena. Alifunga wavu kwa skrubu nne na kusaga ncha za jukwaa. Baba alikuwa amewaza kuyang'oa mawe yote, ila mama yake akamwambia kosa si la mawe.

"Sisi tulipika kwenye mafiga na nyinyi mkiwa watano. Moto ulikuwa na mpaka wake, na kila mtu aliujua. Huu wenu haujawekewa mpaka."

Akatandika mkeka wake mbele ya jiko, hatua tatu kutoka kwenye mawe. Ukingo wa mkeka ndio ukawa mpaka. Mtu mzima anayetaka kuota moto huketi ukingoni, mtoto hukaa nyuma yake. Moto ukizimwa, saa moja hupita kabla ya yeyote kuvuka, na anayezima hutangaza kwa sauti kwamba mawe bado yana joto.

Lengelenge lilipona bila kovu. Sasa mtoto akifika ukingoni mwa mkeka, hata mchana jiko likiwa baridi kabisa, husimama, hunyoosha kidole kwenye mawe na kusema neno mojawapo kati ya machache anayoyajua: "Moto." Mama yake humwitikia kila mara kwamba ndiyo, ni moto, hata kama hauonekani.