Sukari Iwe Mezani, Isiwe Birikani



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na wanafunzi, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalicheka barazani na kulinyamazia nyumbani. Ni habari ya jamaa zetu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wale ambao mitaani husemwa "amekatwa tumbo", na vita vyao na sukari baada ya hapo.

Najua kuna atakayeuliza: hapa Nakivale, mahali ambapo watu wanahesabu kilo za mahindi, upasuaji wa unene unatuhusu nini? Swali lake ni la haki. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijui kama kuna wakati chakula kimezungumzwa kwa wasiwasi kama miaka hii. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliziweka familia za wakimbizi Uganda katika makundi, nyingine zikapunguziwa na nyingine zikatolewa kabisa. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini wakaondolewa kwenye msaada huo. Kumtajia unene mama ambaye hajui watoto watakula nini jioni ni kumkosea adabu.

Lakini tuelezane ukweli. Posho ikipungua, kinachobaki sufuriani ni unga, mafuta na chai ya sukari, kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha kwa pesa kidogo. Samaki, mayai na maharagi ndivyo vinavyoondoka kwanza. Ndiyo maana unene, kisukari na njaa vinaweza kulala chini ya bati moja. Mwenye mwili mkubwa si lazima awe mwenye kula vizuri.

Tena familia zetu sasa ziko pande mbili za bahari. Aliyeondoka Base Camp akiwa msichana, leo yuko Marekani, Kanada au Sweden, ana watoto wanne, ana presha na kisukari, na daktari wake amemshauri apasuliwe. Mfanyabiashara wa Mbarara naye akiona magoti hayambebi, anakwenda Nairobi, India au Istanbul. Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili huko Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni, ambalo si upasuaji na huja kutolewa baadaye. Wote hao wana mama zao na shangazi zao. Siku moja watashuka kwenye taksi kutoka Mbarara mjini, watapiga hodi, na jambo la kwanza tutakalowapa ni kikombe cha chai kilichokwisha kutiwa sukari.

Hapo ndipo penye shida, na ndipo nataka tukae kidogo.

Kwanza tuelewe walichofanyiwa. Kuna upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, karibu robo tatu au zaidi, likabaki kama mrija. Na kuna ule wa kutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikapita njia ya mkato. Huu wa pili ulianzia Iowa, Marekani, mwaka 1966. Katika miezi ya mwanzo hamu hulala. Homoni ya njaa, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka juu ya tumbo, hupungua, na wengine hata ladha ya vitu vitamu huwachefua. Mtu anakonda, watu wanamsifu, anadhani amemaliza kazi.

Halafu, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi, hamu inaamka. Daktari alikata tumbo, hakukata ulimi wala mazoea ya miaka thelathini. Ubaya ni kwamba tumbo hili jipya linapendelea kitamu. Kipande cha nyama kikavu au bugali mgumu unaweza kumkwama akatapika, lakini halua inateleza, biskuti iliyochovywa kwenye chai inateleza, soda inateleza. Kwa hiyo anayeshindwa kumaliza yai moja anaweza kumaliza sahani ya vitamu bila kujua, na uzito ukaanza kurudi kimya kimya.

Kuna adhabu nyingine ya haraka, hasa kwa waliopitishiwa njia ya mkato. Sukari nyingi ikishuka kwenye utumbo kwa mpigo, ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakimbia, jasho linatoka, tumbo linasokota, anaharisha, anataka kulala chini. Wengine yanawapata baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula: mwili umemwaga insulini nyingi kupita kiasi, sukari ya damu inaanguka, mikono inatetemeka, kichwa kinazunguka, na mwili wenyewe unaanza kulilia sukari tena. Akinywa chai tamu anapata nafuu, baada ya saa mbili yanarudi. Ni gurudumu. Mtu wa namna hii watu husema amerogwa au ana mimba. Akiwa anatetemeka kweli apewe sukari kidogo aamke, kisha mara moja ale kitu chenye protini kama yai au maharagi, na aende kwa daktari ikiwa yanajirudia. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Lakini kuyatibu kila siku kwa peremende ni kuyalisha.

Sasa turudi kwenye birika. Katika nyumba nyingi zetu, za Kisomali, za Kikongo, za Kirundi, za Waswahili wa mjini, chai hupikwa na sukari humo humo. Mgeni hapewi nafasi ya kuchagua. Akisema "mimi sitaki sukari", mwenyeji anaona amedharauliwa, au anadhani mgeni anamwonea huruma kwa umaskini wake, kana kwamba nyumba haina sukari. Bibi atasema: umekonda hivi, Ulaya hawakulishi? Kambini wembamba una maana yake. Watu wanaona ugonjwa, wanaona njaa. Basi mgeni anakunywa ili asivunje moyo wa mama mkwe, na nusu saa baadaye yuko chooni na jasho. Nimeshuhudia hayo katika harusi moja, na waliokuwa karibu walisema ni kiburi cha mtu wa ng'ambo kukimbia chakula cha nyumbani.

Maoni yangu ni haya: chai ichemshwe bila sukari, na sukari iletwe mezani katika bakuli lake na kijiko chake. Nyumbani, harusini, msibani, na kwenye futari ya msikitini. Wapo watakaosema chai iliyochemka na sukari ina ladha yake, na ni kweli inayo. Wapo watakaosema vijana watajitilia vijiko sita. Huenda, lakini angalau watavihesabu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya chai yetu ya kawaida vinamaliza hesabu hiyo, na soda moja ya chupa ya mililita 300 inaipita. Kwa hiyo bakuli la mezani si la mgeni aliyepasuliwa peke yake. Ni la baba mwenye kisukari ambaye naye anaona haya kukataa.

Sikubaliani na wanaosema kila kitu ni nia ya mtu, kwamba aliyepasuliwa akiwa na azma ya kweli atakataa mwenyewe. Azma inachoka. Inachoka zaidi pale watu kumi unaowapenda wanapokusukumia sahani kwa siku moja. Sisi tuliokulia mafundisho ya theluthi tatu za tumbo tangu madrasa tungekuwa wa kwanza kumwelewa mtu anayeacha chakula sahanini.

Halafu kuna asali na tende. Hapa tuseme kwa adabu. Heshima ya vitu hivi katika dini yetu inajulikana, na kwa sababu hiyo watu hudhani havihesabiwi. Ameacha sukari, anatia vijiko vitatu vya asali. Kwa tumbo lililokatwa, asali ni sukari, na inaleta jasho lile lile. Tende moja ndogo kwa kufungulia wengi wanaiweza. Tende saba na glasi ya juisi ya pasheni yenye sukari ni habari nyingine. Kuhusu kufunga kwenyewe, madaktari wengi huwataka waliopasuliwa karibuni wangoje, kwa sababu mtu huyu hawezi kunywa maji mengi kwa mara moja, na usiku ni mfupi. Mgonjwa ana ruhusa yake, nayo inajulikana. Amuulize daktari wake na sheikh wake, na sisi tusimuulize kwa nini anakunywa maji mchana.

Hamu yenyewe inatibiwaje? Si kwa kukemewa. Inapungua mtu anapokula kwa saa zake, akaanza na protini kabla ya wanga. Wataalamu huwataka wengi wafikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na katika nchi ya Ankole hilo linawezekana bila vyakula vya kopo. Kikombe cha maziwa kina gramu 8 hivi (ingawa baadhi ya waliopasuliwa maziwa huwasumbua, waanze kidogo), yai lina 6, kikombe cha maharagi yaliyoiva kina karibu 15. Ongeza samaki wa ziwani hapa, na dagaa. Sombe ikipikwa na karanga ni nzuri. Kikomando, ndugu zangu wanafunzi, si kibaya kama maharagi yakizidi chapati, jambo ambalo sijaliona kwa muuzaji yeyote wa Mbarara. Maji yanywewe mbali na chakula, nusu saa hivi. Chai ya maziwa yenye hiliki, tangawizi na mdalasini ina utamu wake ambao ulimi huujua baada ya wiki chache. Wiki ya kwanza ni chungu, tusidanganyane. Na usingizi. Asiyelala husumbuliwa na hamu ya vitamu kuliko aliyelala.

Yapo mengine mawili matatu ambayo familia lazima iyajue hata kama mwenyewe hataki kusema amepasuliwa. Vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, ni za maisha, si za miezi mitatu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa lolote litakupa ukisema mgongo unauma, zinaweza kumletea vidonda vya tumbo vya hatari, hasa yule wa njia ya mkato. Na dada akishika mimba baada ya upasuaji huo, amwambie mkunga mapema, kwa sababu kile kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi nyingi kwa mara moja kinaweza kumwangusha pale pale. Kuna njia nyingine za kupima.

Hapa ndipo siri inapoleta madhara. Watu wanaficha kwa kuogopa kuambiwa wamebadilisha maumbile ya Allah. Masheikh niliowasikia wanatofautisha kati ya anayetafuta urembo na anayetibu maradhi, na sina zaidi ya kusema hapo, si kazi yangu. Lakini mgonjwa akifika kituo cha afya cha kambini anatapika siku ya tatu, na wanaomleta hawajui kwamba tumbo lake si kama la wengine, mhudumu atatibu malaria au taifodi. Kutapika kwa siku nyingi kunammalizia vitamini B1, na ubongo unaweza kuumia. Mume, mke, au mtoto mkubwa mmoja awe na karatasi ya hospitali iliyompasua, hata picha yake kwenye simu, ili akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara madaktari waione kabla ya kuanza kukisia.

Kwa akina mama wa kamati za misikiti, Nakivale na Mbarara mjini, ombi langu ni dogo. Futari ya Ramadhani ijayo, mpishi asitie sukari birikani. Mabakuli yawekwe kila mkeka, na wazee wapewe wao kwanza ili wasidhani tumebana matumizi.

Wabillahi tawfiq.