Nyaya Mbili, Chanzo Kimoja

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi hii iliingia gizani. Wengi wetu tulitafuta mishumaa, tukalalamika kidogo, tukalala. Lililowashangaza watu ni kwamba hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ulikuwa gizani, na abiria wakawa wanamulikiana kwa simu. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, aliomba radhi na kueleza kwamba jenereta iliyotarajiwa kuhudumia sehemu ya uwanja ilikataa kuwaka. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Stima ikapotea tena nchini tarehe 11 Novemba, na mara nyingine tarehe 10 Desemba, mwaka uo huo.

Mjadala uliofuata ulihusu chanzo: je, lawama ni ya mitambo ya upepo ya Turkana au ya nyaya za kusafirishia umeme? Huo ni mjadala wa haki. Lakini kuna swali jingine ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ndilo linalowahusu zaidi walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Stima ikishapotea, kwa nini kile tulichokinunua kitusaidie siku hiyo hakitusaidii?

Nalisema hili kwa kuwa maisha ya shule na vyuo yamekwisha kuhamia katika seva, yaani kompyuta zile zinazohifadhi taarifa na kuzigawa kwa wanaozihitaji. Mwanafunzi huomba nafasi ya chuo kikuu kupitia mtandao wa KUCCPS, na mkopo kupitia mtandao wa HELB. Serikali nayo ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zingepatikana katika eCitizen. Karatasi tumeziaga. Seva isipopata umeme, hakuna dirisha la kubisha wala karani wa kubembeleza.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo nilipata somo langu la umeme kwa njia chungu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, alama za mitihani za idara nzima zilikuwa katika seva mbili zilizofungwa ndani ya kabati moja la chuma. Kila seva ilikuwa na nyaya mbili za umeme, kama ilivyo desturi: njia moja ikifa, nyingine iendelee. Tuliambiwa tulale usingizi. Siku moja betri ya dharura iliyokuwa chini ya kabati iliungua, na seva zote mbili zikazima kwa mpigo, zikaharibu sehemu ya kumbukumbu zake. Fundi alipofungua mlango wa nyuma, tuliona nyaya zote nne zimechomekwa katika ekstensheni moja, nayo ekstensheni imechomekwa katika betri hiyo hiyo. Ukutani, hatua mbili kutoka hapo, palikuwa na soketi ya njia ya pili, safi, haijawahi kuguswa. Tulitumia wiki tatu kuingiza alama upya kutoka vitabu vya mitihani. Wanafunzi wawili waliohitaji nakala za alama zao ili kuomba ufadhili wa masomo walipitwa na tarehe ya mwisho. Mmoja wao alikuja ofisini kwangu, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama ningeweza kuwaandikia wafadhili barua. Niliiandika. Haikusaidia kitu.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya vyuo vyetu maskini tu. Alfajiri ya tarehe 8 Agosti 2016, kifaa kimoja cha kudhibiti umeme kiliharibika katika kituo cha kompyuta cha shirika la ndege la Delta mjini Atlanta, Marekani. Umeme wenyewe ulirejea bila kukawia. Hata hivyo safari zipatazo 2,300 zilifutwa kwa muda wa siku tatu, na shirika likakadiria hasara ya Dola milioni 150. Mkuu wa shirika hilo, Ed Bastian, alieleza baadaye kwamba kati ya vifaa 7,000 hivi vya kituo hicho, takriban 300 havikuwa vimeunganishwa ipasavyo na umeme wa akiba. Hao 300 hawafiki watano katika kila mia. Lakini vifaa hivi huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na wachache waliokuwa kimya waliwanyamazisha wengi. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Mei, ikawa zamu ya British Airways jijini London: umeme ulikatwa, ukarudishwa ovyo, na ule mshtuko wa kurudi ndio uliounguza vifaa. Abiria wapatao 75,000 walikwama. Yeyote aliyewahi kupoteza friji stima iliporudi kwa kishindo ataelewa.

Kuna kosa la pili, lililofichika zaidi. Tuseme kila njia inaweza kubeba ampea 16, na kabati lote linahitaji ampea 20. Njia mbili zikigawana mzigo, kila moja inabeba 10. Taa za kijani zinawaka na meneja ameridhika. Njia moja ikikatika, ya pili inatwishwa zote 20, swichi ya usalama inajikata, na kabati linazima. Hapo nyaya zilikuwa mbili kweli, na soketi mbili, lakini mlinzi hakuwepo. Ili njia ya pili iwe ya kuokoa, sharti kila moja iwe na nguvu za kubeba mzigo wote peke yake, maana yake siku za kawaida zote mbili zionekane kana kwamba zinafanya kazi nusu tu. Mhasibu akiona nusu hiyo, mkono unamuwasha.

Na hapa ndipo ninaporudi katika uwanja wangu. Chukua sentensi hii: Vitabu vyangu vile viwili vimepotea. Kiambishi cha ngeli kimetajwa mara tano. Mwanafunzi wa kigeni hulalamika kwamba Kiswahili kinajirudia bure. Lakini isemee sentensi hiyo kando ya barabara, matatu ipige honi na kumeza neno la kwanza. Msikilizaji bado atajua kwamba vilivyopotea ni vitu zaidi ya kimoja, na ni vya ngeli gani. Mhandisi Mmarekani Claude Shannon, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1948 kuhusu mawasiliano, alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza cha kawaida ni marudio ya namna hiyo. Lugha zote hulipa gharama hii, na hakuna mhasibu aliyethubutu kuzipunguzia bajeti. Tena angalia kinachoyafanya marudio hayo yafae: kila kiambishi kinalifikia sikio kwa wakati wake. Honi inayomeza kimoja haiwezi kuvimeza vyote. Vingetamkwa kwa mpigo mmoja, honi moja ingetosha kuviua vyote vitano, kama betri ile ilivyoziua seva zetu.

Pengine tatizo limeanzia katika jina. Neno la Kiingereza ambalo wahandisi hulitumia kwa njia hii ya pili ndilo lile lile ambalo waajiri hulitumia wanapowaachisha watu kazi kwa kuwa hawahitajiki tena. Nimeona nyaraka za zabuni ambamo limetafsiriwa kuwa umeme wa ziada. Cha ziada, kila kamati ya fedha inajua, ndicho cha kwanza kufyekwa. Mimi ningependa tuuite umeme wa akiba, ingawa nakiri kwamba methali yetu haitufai hapa. Wahenga walituambia akiba haiozi; akiba ya umeme huoza. Betri za risasi na asidi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, mafuta ya jenereta huharibika tangini, na jenereta isiyowashwa kwa miezi huenda ikakataa usiku inapohitajika.

Ndiyo maana nina jaribio moja ambalo ningependa kila bodi ya shule na kila baraza la chuo lilishuhudie walau mara moja kila muhula, badala ya kusomewa ripoti. Mchana kweupe, baada ya taarifa kunakiliwa mahali pengine, mtu aende kwenye swichi kuu ya njia ya kwanza aizime. Kisha wote wasubiri dakika tano, wakizitazama taa za seva. Airudishe, halafu afanye vivyo hivyo kwa njia ya pili.

Mwezi uliopita nilimwomba fundi wa chuo ninakofundisha sasa anifanyie jaribio hilo nikiwa nimesimama hapo. Alinitazama, akalitazama kabati, kisha akacheka.

"Daktari," akaniambia, "njoo wanafunzi wakishafunga."