Kabla hatujaandika "mbovu"

Wenzangu wa ualimu mliorudi TP mnakijua kile chumba. Kina karatasi za mitihani ya zamani, mipira isiyo na upepo, na kwenye kona kompyuta za msaada zimerundikwa, zimefunikwa kitenge, juu yake karatasi moja tu: MBOVU.

Shule niliyopangiwa iko kati ya Kilosa na Mikumi, jina naliacha. Kompyuta zilikuwa kumi na moja. Zilitoka Ulaya, namaanisha Ulaya ya Wazungu, siyo Ulaya yetu ya njia ya Kilosa kwenda Mikumi, ingawa na hiyo zilipitia. Zilifanya kazi kama mwaka hivi, kisha zikaanza kufa moja moja, hasa umeme ukikatika siku mbili tatu. Akaitwa fundi. Akawasha tatu, akaona skrini ya bluu, akasema diski zote zimekufa, akataja bei ya diski mpya kumi na moja. Shule haikuwa na hela hiyo, na mambo yakaishia hapo.

Mimi kilichonikaa kichwani ni hesabu. Diski kumi na moja zife zote ndani ya mwaka mmoja? Nikamwendea mwalimu wa taaluma. "Mwalimu, naomba nizifungue." Akacheka. "Fungua tu mwanangu, zitakufa mara ngapi?"

Nilipowasha ya kwanza, kitu cha kwanza nilichotazama ni saa. Ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Halafu ikaja ile skrini ya bluu, na chini yake namba 0x0000007B. Hiyo namba haisemi kwamba diski imekufa. Inasema Windows imeanza kuamka lakini haiwezi kuifikia diski inayotakiwa kuendelea kusomwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yake ndiyo bei ya diski kumi na moja.

Mtu wa Mikumi hahitaji mfano wa mbali. Reli ya zamani ya kutoka Kilosa kwenda Kidatu ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina 1,067. Zinakutana Kidatu, na pale behewa la huku haliwezi kupanda reli ya kule, mzigo unahamishwa. Behewa zima, reli nzima, ila vipimo havipatani. Draiva ya diski ndiyo inayofanya kazi ya kule Kidatu: inapatanisha Windows na njia ambayo diski inatumia. Windows XP ilitoka mwaka 2001, wakati utaratibu wa diski unaoitwa AHCI haujaja, kwa hiyo haina draiva yake. Aliyezikarabati mashine zile kule zilikotoka alilijua hilo. Aliingia BIOS akabadilisha njia ya diski kutoka AHCI kuwa IDE, ambayo XP inaielewa, ndipo akapiga Windows.

Sasa mpangilio ule unatunzwa na kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, kilichopo kwenye bodi. Kwenye mashine za mtumba kibetri nacho ni cha mtumba. Shuleni swichi ya ukutani inazimwa kila jioni, na likizo nzima, kwa hiyo kibetri kinafanya kazi peke yake. Kikiisha, BIOS inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani: AHCI. Saa inarudi nyuma, XP inakosa njia, fundi anasema diski imekufa.

Nilirudisha IDE, mashine ikaamka na faili za mitihani ya miaka miwili iliyopita zikiwa humohumo. Kibetri nilikinunua Mikumi, kwenye duka linalouza rimoti na chaja.

Nisijisifu sana. Mashine ya tano ilikuwa na Windows 7, ambayo ina draiva ya AHCI tayari na ilipigwa kwa njia hiyo. Tatizo lake lilikuwa nyaya tu. Mimi kwa mazoea nikaibadilisha kuwa IDE, nikaitengenezea skrini ya bluu ambayo haikuwepo. Ilinichukua mchana mzima kugundua kwamba mharibifu ni mimi. Tangu hapo, kabla ya kugusa chochote BIOS naandika kwenye daftari nilichokikuta. Na diski mbili zilikuwa zimekufa kweli, zinagonga tik tik na BIOS haizioni hata jina. Nyingine moja haikupata umeme kabisa. Nane zilifufuka.

Kuna wenzangu watasema XP ni ya makumbusho, Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, kwa nini kuhangaika? Kwa intaneti, sawa, usiiunganishe. Ukiweza weka Linux, nyingi zinaitambua AHCI zenyewe. Ila ukitaka kuipiga XP upya kwenye AHCI itakuambia haijaona diski, na itataka ubonyeze F6 mwanzoni na uipe draiva kwenye flopi. Flopi! Nenda kaitafute Kilosa. Na msidhani haya yameisha. Laptopu mpya kadhaa za Intel zenye mpangilio wa VMD zinafanya vilevile: unapiga Windows 10, orodha ya diski inakuja tupu, mpaka uipe draiva kutoka kwenye flashi. Jambo ni lilelile, limevaa nguo mpya.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwa idara yetu. Somo la TEHAMA tulilosoma lilitufundisha kupanga aya, kutengeneza slaidi na kujumlisha kwenye jedwali. Hakuna siku hata moja tulishika bisibisi. Halafu tunapelekwa kwenye shule ambako sisi ndio tutakaoitwa "mwalimu wa kompyuta" kwa sababu tu tuna laptopu. Naomba vipindi vitatu: kufungua mashine, kusoma BIOS, kupiga mfumo na draiva zake. Anayesema hiyo ni kazi ya VETA ajaribu kukaa na wanafunzi arobaini mbele ya kompyuta mbili.

Na hatuhitaji kusubiri mtaala. Kwenye stoo ya maabara hapahapa chuoni nimehesabu mashine tisa zenye karatasi ile ile. Nimeshaomba ufunguo kwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Atakayekuja aje na bisibisi ya nyota na daftari. Vibetri ninavyo vinne.