MAONI: Faili ndogo itakuaibisha mbele ya umati

Umekesha siku tatu ukihariri klipu za shoo. Rangi zimekubali, mikato inaenda na biti, hata mbogi yako imekupa tano. Halafu saa sita usiku, ukumbi umejaa, DJ anaangusha wimbo, unabonyeza klipu na skrini inakwama. Watu wanageuka kukutazama. Meneja pia.

Hapo wengi wetu husingizia laptopu. Mimi pia nilisingizia yangu, hadi nikagundua kosa nililifanya nyumbani, wakati wa kutoa faili.

Tunalalamika kila wikendi kwamba DJ analipwa vizuri na "mtu wa skrini" anaachiwa makombo. Kilio hicho ni cha haki. Lakini kila skrini inapokwama, tunampa mwenye klabu sababu ya kutulipa kidogo. Ukitaka heshima, acha mazoea ya kufinya kila video hadi iingie kwa WhatsApp. Faili ndogo inaokoa bando tu. Jukwaani ni balaa.

Hebu tuelewane. MP4 nyingi tunazotoa hutumia H.264, mfumo uliochapishwa mwaka wa 2003. Siri ya udogo wake ni hii: huweka picha moja kamili, kisha zinazofuata huhifadhi tu kilichobadilika. Kwa mtu anayetazama filamu mwanzo hadi mwisho, poa kabisa. Lakini wewe unaruka katikati, unarudisha nyuma, unaongeza kasi. Kila ukiruka, kompyuta inarudi hadi picha kamili iliyotangulia na kuanza kujenga upya ile unayotaka. Panga klipu tatu za aina hiyo juu ya nyingine uone kama prosesa haitalia.

Ndiyo maana kuna kodeki za jukwaani: DXV ya Resolume, na HAP, ambayo ni ya bure na hukubalika na programu nyingi. Hizi huhifadhi kila picha peke yake, na kazi kubwa ya kuifungua huachiwa kadi ya grafiki.

Najua utasema, "Buda, faili hizo ni kubwa!" Ni kweli. HAP ya kawaida ya 1920 kwa 1080, picha 25 kwa sekunde, inaweza kufika MB 26 kila sekunde. Dakika moja inakaribia GB 1.5, na SSD si pesa ya mandazi kwa mtu anayeanza.

Lakini nani amekuambia klipu ya jukwaani iwe ya dakika tano? Kata sekunde 10 zinazojirudia vizuri. Ondoa sauti kama huihitaji. Uliza mapema skrini ya ukumbi ina ukubwa gani. Ikiwa ni 1280 kwa 720, toa hivyo hivyo na mzigo utapungua kwa zaidi ya nusu. Na usicheze klipu kutoka kwa flashi. USB 2 hata kwenye karatasi haipiti MB 60 kwa sekunde, kwa hivyo klipu mbili tu zitaijaza.

Kama mashine yako ni mzee na haina SSD, bado kuna njia. Toa H.264, lakini kwenye mipangilio agiza kila fremu iwe picha kamili. Faili itanenepa kiasi, ila kuruka hakutaisumbua sana.

Jambo lingine: usitoe MP4 iliyofinywa ndipo uigeuze kuwa HAP. Kilichopotea hakirudi, utapata faili kubwa yenye picha mbovu. Toa moja kwa moja kutoka kwa programu unayohariria. Na mteja akikutumia video, mwambie aitume kama dokumenti, WhatsApp isije ikaifinya tena.

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua klipu zote na uzirukeruke kwa dakika 10 bila huruma. Ikikwama ukiwa sebuleni, itakwama ukumbini, na hapo hakuna atakayetaka kusikia habari za kodeki. Watakumbuka tu kwamba skrini ilizima wewe ukiwa kazini.