Tusihifadhi Maneno kwa Anwani ya Siku Moja

Wengi kitivoni wanaona lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni mambo ya mafundi tu. Sikubali. Anayetaka kuweka Kiswahili cha Kindu katika kamusi ya kompyuta inamhusu.

Katika C, neno huunganishwa na neno jingine, nalo na jingine tena, kwa kielekezi: namba ya mahali neno lilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Namba hiyo hufaa wakati programu inafanya kazi tu. Ukiiandika kwenye faili, kesho maneno yatakuwa yamewekwa mahali pengine. Ni sawa na kumwambia mgeni nyumba yako iko mbele ya mtumbwi uliofungwa jana kando ya Lualaba.

Dawa ni kulipa kila neno namba ya kudumu, na kuandika namba hiyo badala ya anwani. Tena programu iweke alama kwa kila neno ililokwisha kuliandika. Hapa kwetu «shule» itaelekeza «masomo», na «masomo» itarudisha «shule». Pasipo alama, programu itazunguka mpaka kumbukumbu iishe.

Fundi anaweza kuandika programu, lakini hajui neno lipi ni ndugu ya lipi. Hiyo ni kazi yetu. Basi kila anayekusanya maneno ayape namba tangu daftarini, na aandike ni yapi yanaelekezana, kabla ya kugusa kompyuta.